Kikundi cha Wanawake Weusi Wenye Biashara Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila wanawake Weusi wenye biashara wanapokaa pamoja hapa Marekani: wasusi, wapishi, wenye vituo vya kulelea watoto, wahasibu, wauza nguo, wenye kampuni za usafi. Wengi wanaouliza ni Wamarekani Weusi waliozaliwa hapa. Wengine wametoka Mombasa, Bukavu, Dar es Salaam au Kampala. Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, hivyo panapoguswa leseni au kodi, thibitisha na ofisi ya jimbo lako kabla hujalipa chochote.

## Mambo ya msingi

Kwa nini kikundi cha wanawake Weusi? Si vipo vyama vya wafanyabiashara tayari?

Vipo, na usivikimbie, kwa sababu zabuni na wateja wakubwa hupatikana huko. Ila milango yake haijawahi kuwa wazi sawa kwa wote. Mwaka 1912 chama cha wafanyabiashara Weusi, National Negro Business League, kilikutana Chicago. Madam C.J. Walker, ambaye tayari alikuwa na kiwanda cha dawa za nywele Indianapolis, aliombewa nafasi ya kuzungumza, lakini mwenyekiti, Booker T. Washington, akampuuza. Mwishowe alisimama bila kuitwa, akaeleza alivyotoka kwenye mashamba ya pamba ya Kusini hadi kumiliki kiwanda chake mwenyewe. Na hao waliomnyima nafasi walikuwa Weusi wenzake.

Hadi mwaka 1988 yalikuwapo majimbo ambayo sheria zake zilidai mwanamke mwenye biashara alete saini ya mwanamume wa familia yake, mume, baba au hata mtoto wa kiume, ndipo apewe mkopo. Sheria ya shirikisho iitwayo Women's Business Ownership Act ndiyo iliyofuta hilo. Leo, katika mitaji ya uwekezaji inayotolewa kwa kampuni changa nchini, fungu linalowafikia wanawake Weusi halifiki asilimia 1.

Kwa hiyo kikundi kinaokoa muda. Ukiwa na wenzako huhitaji kutumia nusu saa kueleza jinsi mteja alivyokuuliza mwenye duka yuko wapi, na mwenye duka ni wewe. Mnakwenda moja kwa moja kwenye bei, kodi ya pango na deni la mteja asiyelipa.

Kinafanya nini hasa? Nimechoka na vikao vya kutiana moyo.

Umechoka kwa haki. Kutiana moyo ni kuzuri, lakini kikundi kinachofanya hilo tu hufa baada ya miezi michache, watu wakianza kuona kwamba wanarudi nyumbani na hisia nzuri na sanduku lile lile tupu. Kikundi kinachodumu kina jambo moja la wazi ambalo kila mwanachama hulifanya kwa mwenzake, kwa tarehe inayojulikana. Inaweza kuwa upatu. Inaweza kuwa kununua vifaa kwa jumla, kwa mfano nywele za kusukia, mafuta ya shea au maboksi ya kufungashia. Inaweza kuwa kukaguliana hesabu kila mwisho wa mwezi. Chagueni moja, mlifanye kwa mwaka mzima, kisha muongeze la pili. Upendo hukua humo humo.

Wapo waliofanya hivi kabla yetu?

Wapo, na walianza na kidogo kuliko sisi. Richmond, Virginia, mwaka 1903, Maggie Lena Walker alifungua benki iliyoitwa St. Luke Penny Savings Bank. Yeye alikuwa mtoto wa mfua nguo, na miongoni mwa walioijaza benki hiyo walikuwamo wafua nguo na watumishi wa nyumbani, watu walioweka senti kwa senti. Benki ilitoka ndani ya chama cha kusaidiana kwa maradhi na mazishi, Independent Order of St. Luke. Yaani watu walikuwa wameshazoeana kuchangiana kabla hawajaaminiana kwa akiba. Mpangilio huo naona ndio siri yake. Mwaka 1905 chama kikafungua duka kubwa lililoajiri wanawake Weusi kama wauzaji, kazi ambayo maduka ya Wazungu hayakuwapa. Duka lilipigwa vita na wafanyabiashara wa Kizungu na likafungwa mwaka 1911. Benki iliendelea.

Madam Walker naye, baada ya kunyimwa ukumbi wa wengine, alijenga wake. Mwaka 1917 aliwakutanisha mawakala wake zaidi ya 200 huko Philadelphia. Zawadi walipewa waliouza zaidi, na pia waliochangia zaidi kwa wahitaji wa miji yao. Kabla ya kutawanyika walimpelekea Rais Wilson telegramu wakitaka serikali ikomeshe mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya Wazungu.

Na yupo Georgia Gilmore wa Montgomery, Alabama, mpishi. Weusi wa mji huo walipogomea mabasi mwaka 1955 na 1956, yeye na wenzake waliuza keki, pai na kuku, na faida ikaenda kulipia magari yaliyowabeba watu kazini. Kundi lao liliitwa Club from Nowhere, ili mchangiaji akiulizwa fedha zimetoka wapi jibu liwe halimponzi mtu. Georgia alipofukuzwa kazi kwa kutoa ushahidi mahakamani, alianza kupika na kuuza nyumbani kwake, Martin Luther King akimhimiza na kumsaidia. Mgomo ukawa umezaa biashara, na biashara ikaendelea kulisha harakati.

## Kuanza

Tuanze watu wangapi?

Kati ya 6 na 12. Chini ya hapo, wawili wakisafiri kikao kinavunjika. Juu ya hapo hamtazijua biashara za wenzenu kwa undani. Wakopeshaji wa vikundi wamechagua idadi ndogo zaidi: Grameen America, iliyoanza New York mwaka 2008, hukopesha wanawake walioungana watano watano. Mkifika 15, gawanyikeni makundi mawili na mkutane wote pamoja mara moja kwa miezi mitatu.

Tukutane wapi na lini?

Maktaba za umma hutoa vyumba bure, na saluni nyingi hufungwa Jumatatu. Muda usizidi saa mbili. Watoto waruhusiwe, la sivyo mtawapoteza wale wanaowahitaji wenzao kuliko wote.

Wasusi wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuwa kikundi kimoja?

Wanaweza, wakikubaliana mapema mambo yasiyoguswa: kutochukuana wafanyakazi, na kutompigia mteja wa mwenzako kumpa bei ya chini. Kwa kweli washindani ndio wanaosaidiana zaidi, maana ni msusi mwenzako tu anayejua ni muuzaji gani wa nywele ameanza kuleta mali mbovu, au mwenye jengo gani hupandisha pango kila mkataba ukiisha. Kama wivu ni mkubwa kuliko faida, mmoja aende kikundi kingine bila ugomvi.

Sisi tuliotoka Afrika na dada zetu Wamarekani Weusi, tutaelewana kweli?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi. Kuna maumivu pande zote mbili. Dada Mmarekani amesikia wageni kutoka Afrika wakirudia maneno ya kumdharau waliyoyaokota kwenye televisheni. Dada kutoka Kigoma au Goma amechekwa lafudhi yake. Msipoyasema hayo mwanzoni, yatatoka siku ya kugombania fedha.

Kinachosaidia ni kujua kila upande umeleta nini. Mmarekani Mweusi anaijua nchi: anajua afisa gani wa mji anapokea simu, kanisa lipi hukodisha jiko, na barua ya benki inayosema "tutakujulisha" ina maana gani. Haki tunazozitumia sote tukifungua duka zilipiganiwa na bibi zake. Mwenzake kutoka Afrika Mashariki amekuja na nidhamu ya upatu aliyoiona kwa mama yake, na mara nyingi na wateja wa jamii nzima nyuma yake. Anzeni na kikao kimoja ambacho kila mtu anasimulia biashara ya kwanza iliyokuwa katika familia yake, awe nyanya yake aliyeuza maandazi au shangazi aliyesuka nywele barazani.

Jambo dogo lenye uzito: kikao kiwe kwa lugha ambayo wote wanaielewa. Tukianza kunong'ona Kiswahili pembeni wakati fedha zinahesabiwa, tumewaambia wenzetu kwamba hawapo.

Lazima tusajili?

Si lazima kwa kukutana. Mkianza kushika fedha za pamoja, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, isiyo ya mtu binafsi. Benki itataka namba ya utambulisho wa mwajiri, EIN, ambayo idara ya kodi ya shirikisho, IRS, huitoa bure. Anayewatoza fedha kwa kuwaombea anawauzia kitu cha bure. Saini ziwe mbili, na wenye saini wasiwe ndugu.

Mkitaka kupokea misaada ambayo mtoaji hupunguziwa kodi, njia ni hadhi iitwayo 501(c)(3), kwa jina la kifungu cha sheria ya kodi, lakini kikundi cha aina hiyo ni lazima kinufaishe umma, kwa mfano kwa mafunzo, na hakiwezi kuwepo kwa ajili ya faida ya biashara za wanachama wake. Chama cha kutetea wafanyabiashara huingia zaidi kwenye 501(c)(6). Vyote viwili hutoa taarifa kwa IRS kila mwaka hata kama fedha ni chache, na msipotoa miaka mitatu mfululizo mnafutiwa hadhi bila kuulizwa. Vikundi vingi vinavyouliza swali hili havihitaji bado chochote kati ya hivi. Vinahitaji katiba ya kurasa mbili na daftari safi.

## Fedha

Upatu unaruhusiwa Marekani?

Ndiyo. Watu wa Trinidad wanacheza susu, Wajamaika partner, Wasomali ayuuto, nasi upatu au mchezo. Wanawake 10 wakitoa dola 200 kila mwezi, kila mmoja atachukua dola 2,000 mara moja katika miezi 10. Hakuna riba, na kwa kawaida hakuna kodi ya mapato, kwa sababu unapokea fedha zako mwenyewe.

Tahadhari moja iwaingie wote. Benki hutoa taarifa serikalini kila mtu anapoweka fedha taslimu zaidi ya dola 10,000. Taarifa hiyo haina madhara kwa fedha halali. Kosa la jinai ni kuzigawanya makusudi, leo 6,000 na kesho 5,000, ili taarifa isitoke. Kuna watu waaminifu waliojiingiza matatani hivi kwa ushauri wa rafiki.

Upatu una upungufu wake: hauonekani popote. Umelipa miaka mitano bila kukosa, na benki haijui. Mission Asset Fund ya San Francisco ililiona hilo, ikaanzisha mizunguko ya kukopeshana bila riba ambayo malipo yake hupelekwa kwa mashirika yanayotunza rekodi za mikopo, na mwanachama akajijengea jina benki kwa mchezo ule ule aliouzoea. Mashirika mengine katika miji mbalimbali yameufuata mfano huo, ulizia kwenu.

Tutaujuaje upatu wa kweli na utapeli?

Piga hesabu. Katika upatu wa kweli unachopokea ni sawa na unachotoa, idadi ya watu inajulikana, na kila mtu anawajua wote. Ukiambiwa utapata zaidi ya ulichotoa mradi ulete watu wapya, huo ni utapeli, hata kama aliyekuleta ni mke wa mchungaji. Mwaka 2021 tume ya biashara ya shirikisho, FTC, pamoja na jimbo la Arkansas zilishtaki mpango mmoja uliowalenga Weusi wakati wa korona: watu waliingia kwa dola 1,400 au zaidi wakiahidiwa kurudishiwa hadi mara nane. Mipango hii hujivika maneno ya udada, baraka na kuinuana. Ndiyo maana inauma zaidi, kwa kuwa baada yake hata upatu halali hauaminiki.

Mtu amechukua zamu yake kisha ameacha kulipa. Tufanyeje?

Kinga ni kubwa kuliko dawa: mwanachama mpya awe wa mwisho kupokea katika mzunguko wake wa kwanza, na kila mtu asaini karatasi inayotaja kiasi na tarehe. Likishatokea, waende watu wawili kumwona uso kwa uso kabla ujumbe wowote haujaandikwa kwenye kundi la WhatsApp. "Dada, tumekuja kujua una hali gani, na tuone pamoja utalipaje." Mara nyingi kuna ugonjwa, au mteja mkubwa aliyekimbia na deni. Mpangieni malipo madogo. Akikataa kabisa, karatasi aliyosaini inaweza kupelekwa mahakama ya madai madogo. Kumwanika mtandaoni kutawaogopesha wote waliobaki, hata wasio na hatia.

Nje ya upatu, mtaji tutautoa wapi?

Kiva, shirika la kukopeshana kwa mtandao, hukopesha biashara ndogo za Marekani hadi dola 15,000 bila riba, na kwa kuanzia hutaka watu wanaokufahamu wakukopeshe kiasi kidogo kidogo. Hapo kikundi ni mtaji tosha. Zipo taasisi za fedha za maendeleo ya jamii, ziitwazo CDFI, ambazo hutazama zaidi ya alama ya mkopo, yaani namba inayoonyesha ulivyolipa madeni yako. Kwa ushauri bure, SCORE ina wafanyabiashara wastaafu wanaojitolea tangu mwaka 1964, na vituo vya Women's Business Centers vilitokana na sheria ile ile ya 1988 iliyotajwa hapo juu. Nendeni wawili wawili. Maneno mengine ya afisa mikopo humpita mtu aliye peke yake na mwenye wasiwasi.

## Kazi na wateja

Tupeane wateja vipi bila lawama?

Mtaje mwenzako kwa kitu unachojua anakiweza, na useme hivyo hivyo: "Mama huyu amenifanyia hesabu za kodi kwa wakati, upishi wake sijaujua." Kumsifia mtu kwa kazi usiyoiona kunawaponza wawili. Pia tuachane na kudaiana bei ya udada. Ukiwa unampenda dada yako mwenye biashara, mlipe bei kamili na ulipe siku hiyo hiyo. Wateja wengine wote wanamwomba apunguze.

Nasuka nywele. Nahitaji leseni?

Inategemea jimbo, na tofauti ni kubwa mno. Mengine hayadai chochote, mengine hudai mamia ya saa za darasa. Mississippi ilikuwa hivyo hadi Melony Armstrong, msusi wa Tupelo, alipoipinga sheria mahakamani. Ili awafundishe wengine kusuka alitakiwa kusoma maelfu ya saa za mambo ambayo hayakuhusu kusuka. Mwaka 2005 bunge la jimbo lilibadili sheria, na msusi akatakiwa kujiandikisha kwa ada ya dola 25 na kufuata masharti ya usafi. Wasusi zaidi ya 1,000 wamejiandikisha tangu hapo. Kikundi cha wasusi kikifika mbele ya kamati ya bunge na watoto wao mikononi, wabunge husikiliza.

Naweza kuuza chakula ninachopika nyumbani?

Keki, biskuti na mikate mara nyingi ndiyo, chini ya sheria za jimbo za chakula cha nyumbani. Pilau na sambusa za nyama mara nyingi hapana. Zinataka jiko lenye leseni. Kikundi kinaweza kukodi jiko la kanisa au la pamoja na kugawana siku.

## Hali ngumu

Mwanachama anajifungua au anaumwa, na biashara ni yeye peke yake.

Hali hii si ya nadra, kwa sababu biashara nyingi mno za wanawake Weusi hazina mwajiriwa hata mmoja. Na uzazi kwetu hapa una hatari: kiwango cha vifo vya kina mama Weusi ni karibu mara tatu ya kile cha Wazungu, na hata walio na elimu na fedha hawajasalimika. Kikundi kinachojiita cha kusaidiana kiwe na mpango kabla tumbo halijaonekana. Andikeni ni nani atapokea simu za wateja wake, nani atapeleka mizigo, nani atamsindikiza kliniki na kusisitiza anaposema kichwa kinauma na hakuna anayemjali. Zamu yake ya upatu iwe ya mapema zaidi kama anataka. Wateja waambiwe tarehe ya kurudi, na isiwe ya mapema.

Tunaweza kuwazuia wasio Weusi, au wanaume?

Hapa mambo yamebadilika tangu mwaka 2023. Fearless Fund, mfuko wa uwekezaji wa Atlanta, ilikuwa ikitoa ruzuku ya dola 20,000 kwa njia ya shindano la biashara za wanawake Weusi. Mwaka 2023 ilishtakiwa kwa kutumia kifungu cha sheria ya haki za raia ya 1866, sheria iliyotungwa kuwalinda Weusi waliotoka utumwani. Juni 2024 mahakama ya rufaa ilizuia shindano hilo kwa kura mbili dhidi ya moja, na Septemba mwaka huo pande zikamaliza kesi, shindano likafungwa. Inaumiza kuona ngao ya babu zetu ikigeuzwa hivi.

Kwa kikundi kidogo, funzo la vitendo ni hili: kukutana kwenu kama marafiki ni jambo moja, na kutoa ruzuku au mkataba wenye sharti la rangi ni jingine, lenye hatari. Elezeni lengo lenu wazi, pokeeni yeyote anayelikubali na kufuata masharti, na kabla ya kutangaza ruzuku yoyote mwone wakili. Vikundi vingi vimegundua kwamba asiye na haja na kikundi haombi kuingia.

Mwanzilishi hataki kuachia uongozi.

Katiba iseme mwaka mmoja au miwili, basi. Aliyeanzisha apewe heshima yake, lakini daftari lihame.

Mwanachama akifunga biashara, aondoke?

Abaki. Ndiye anayejua pango gani lilimwangusha na kodi ipi aliisahau, na miezi michache baadaye huenda anaanza upya. Msamehe ada kwa kipindi fulani, umwombe awasimulie wenzake akiwa tayari, bila kumharakisha.

Kikundi kikifika mwisho, fedha zinakwenda wapi?

Kama mmesajiliwa 501(c)(3), mali iliyobaki haigawanywi kwa wanachama. Huenda kwa shirika jingine la hisani. Vikundi vingine hugawana kwa kufuata daftari, kila mtu kwa alichochangia, baada ya madeni yote kulipwa na mzunguko wa upatu kukamilika. Usifungwe mzunguko katikati, hata kama watu wamechoka. Wenye saini wote wawili waende benki kufunga akaunti, IRS iarifiwe, na nakala ya hesabu ya mwisho ipelekwe kwa kila mwanachama, wakiwemo walioondoka mapema bila deni.